Spen na Dor: kampuni ya spika yenye majina mawili

Nikisema spika leo, ndugu msomaji, naomba usimfikirie yule wa Dodoma. Yule namwandika gazetini na nalipwa mshahara. Hapa nazungumzia spika yenyewe, ile yenye sumaku na koili, iliyomo ndani ya redio, ndani ya simu yako, kwenye daladala, na kwenye sabufa ya jirani anayedhani mtaa mzima umeomba taarabu saa saba za usiku.

Kwa muda sasa nimekuwa nikisoma historia ya kampuni moja ndogo ya spika ya Uingereza inayoitwa Spendor. Nilianza kuisoma kwa sababu ya kazi. Sisi waandishi tunashinda tukisikiliza mahojiano tuliyorekodi, tunarudisha nyuma, tunasikiliza tena, na nilitaka kuelewa kwa nini sauti ya mtu yuleyule inakuwa ya mtu kwenye spika moja na inakuwa ya bata kwenye nyingine. Jibu nimelipata na nitakupa. Lakini nikiwa humo nimekutana na jambo jingine, dogo tu, la jina la kampuni, nalo limenikaa kichwani kuliko habari zote za sumaku.

Jina lenyewe ni hili. Mume aliitwa Spencer Hughes. Mke aliitwa Dorothy. Wakachukua Spen, wakachukua Dor, wakaunganisha. Basi. Hakuna maana ya siri wala neno la Kilatini. Walianzisha kampuni mwaka 1969, mume na mke, na kila boksi lililotoka pale lilitoka na nusu ya jina la baba na nusu ya jina la mama.

Tuanzie mbali kidogo. Spencer alikuwa mhandisi wa BBC. Wengi wetu tunaijua BBC kwa sababu ya Idhaa ya Kiswahili, iliyoanza mwaka 1957, na wazee wetu waliojifungia chumbani na redio jioni bila kutaka kelele ya mtoto. Tusilolijua ni kwamba BBC ilikuwa pia na idara ya utafiti, katika jumba moja kubwa la kizamani liitwalo Kingswood Warren, huko Surrey, kusini mwa London. Watafiti walikaa pale tangu mwaka 1948 hadi 2010. Kazi yao mojawapo ilikuwa spika.

Utauliza, shirika la utangazaji linatafiti spika za nini? Si liende dukani likanunue? Tatizo ni hili. Fundi mitambo anayerekodi mtangazaji hasikii sauti ya mtangazaji moja kwa moja. Yeye yuko chumba cha pili, nyuma ya kioo, na anachosikia ni spika. Kama spika inadanganya, inaongeza bezi kwa mfano, yeye atapunguza bezi ambayo haikuwepo, na msikilizaji wa nyumbani atapata sauti nyembamba kama ya mtu mwenye njaa. Spika ya studio ni kama mizani ya dukani. Ikiwa mbovu, kila kilichopimwa siku hiyo ni kibovu, na hakuna anayejua.

Kwa hiyo wahandisi wa BBC walipima spika kwa vyombo, lakini hawakuishia kwenye vyombo. Walikuwa na kipimo kingine kikali kuliko hivyo vyote: sauti ya binadamu anayezungumza. Unamweka mtu studio aongee, unasikiliza spika chumba cha pili, halafu unakwenda kumsikiliza mwenyewe, unarudi kwenye spika. Ngoma inaweza kukudanganya, hata gitaa, kwa sababu hujui gitaa lile hasa lilikuwa linaliaje. Sauti ya mtu unayemjua haikudanganyi. Mtoto mchanga anaitambua sauti ya mama yake kabla hajaitambua sura yake vizuri. Sikio limesomea somo hilo tangu tumboni, na spika yoyote inayoongeza hata chembe ya pua kwenye sauti ya mtu, utaijua.

Sasa tuje kwenye tatizo la miaka ya 1960. Ile sehemu ya spika inayosukuma hewa, koni, ilikuwa inatengenezwa kwa karatasi. Karatasi si mbaya, spika nyingi hadi leo zina karatasi. Ila karatasi hunywa unyevu, na koni za wiki hii hazifanani sawasawa na koni za mwezi ujao hata kama zimetoka kiwanda kimoja. Kwa mtu mwenye redio yake nyumbani haina neno. Kwa BBC, yenye studio nyingi zinazotakiwa kusikika sawa, ni balaa.

Ndipo wakaijaribu plastiki iitwayo Bextrene, aina ya polistaireni inayokuja kwa mashiti. Spencer Hughes alikuwa miongoni mwa walioifanyia kazi, na hapa ndipo alipoanza kunichekesha. Tungetarajia maabara ya BBC iwe na mashine za ajabu. Koni za majaribio zilifinyangwa kwa kipande cha hadibodi kilichotobolewa tundu, hita ya umeme, na mashine ya kufyonza vumbi ya nyumbani. Unaweka shiti la plastiki juu ya tundu, unalipasha kwa hita hadi lilainike, kisha unatumia hewa ya ile mashine kulivuta liwe na umbo la koni. Zikaharibika nyingi kabla haijapatikana moja ya maana.

Hapa Gerezani, Dar es Salaam, fundi anayekunja bati kwa kuligonga juu ya kipande cha reli angemwelewa Spencer mara moja. Wangekaa benchi moja.

Bextrene ilikuwa na ukaidi wake. Ukiiacha hivihivi inalia, kwa hiyo ilibidi ipakwe dawa ya kuituliza. Lakini ikishapakwa, koni ya leo na ya mwakani zinafanana. BBC wakaanza kuitumia kwenye spika zao za studio, nayo ikaenea kwa watengenezaji wengi wa Uingereza.

Spencer akatumia ujuzi huo kutengeneza spika yake mwenyewe, nyumbani, nje ya saa za kazi. Aliiita BC1. B ni Bextrene, C ni Celestion, kampuni iliyotengeneza twita aliyoitumia. Unaona mtu huyu asivyojua kubuni majina? Mke na mume wanakuwa Spendor, plastiki na twita zinakuwa BC. Koni kubwa ilikuwa ya inchi 8. Kabati lilikuwa la mbao nyembamba zilizobandikwa vitu vizito kwa ndani kunyamazisha mtetemo, kwa sababu BBC walikwishaona kuwa mbao nene peke yake haitoshi. Inahamisha tu mlio kutoka mahali pasiposumbua kwenda palepale sauti ya mtu ilipo.

BC1 ndiyo iliyojenga kampuni. Watu waliinunua kwa ajili ya nyumbani, na watangazaji wakaitaka pia. BBC nao wakatoa toleo lao lililotokana na kazi hiyohiyo, likaitwa LS3/6. Niseme ukweli: kwa mahitaji ya mtaani kwetu BC1 ingekuwa hasara tupu. Haikutengenezwa kwa ajili ya kelele. Ukiipeleka kwenye kigodoro, koili yake ingeungua kabla bi harusi hajaingia. Ilitengenezwa ili mtu akizungumza ndani yake ugeuke kuangalia nani kaingia chumbani.

Na Spendor haikuwa peke yake. Dudley Harwood, mmoja wa vinara wa utafiti wa spika pale BBC, naye alianzisha kampuni yake mwaka 1977. Yeye alikuja na plastiki nyingine, polipropilini, ileile ya ndoo na mifuko ya sandarusi, ambayo inajituliza yenyewe bila kupakwa kitu. Kampuni akaiita Harbeth. Har ni Harwood. Beth ni Elizabeth, mke wake. Kumbe ilikuwa desturi ya idara! Harbeth ikauzwa mwaka 1986 kwa Alan Shaw, lakini Elizabeth hajafutwa kwenye kibao hadi leo.

Sasa nije kwenye lile lililonikaa kichwani.

Spencer Hughes alifariki mwaka 1983. Kampuni ilikuwa na miaka 14 tu. Aliyejua koni alikuwa yeye, na BC1 ilikuwa yake. Ukimuuliza mtu yeyote wa biashara, atakuambia hapo ndipo duka linapofungwa. Halikufungwa. Dorothy aliendelea nalo, pamoja na mtoto wao, Derek, aliyechukua kazi ya usanifu. Kwa takriban miaka kumi Spendor ilikuwa kampuni ya mama na mwana, ikitoa spika mpya na ikitengeneza pia kale kaspika kadogo maarufu ka BBC kaitwako LS3/5A, kalikobuniwa kwa ajili ya magari ya matangazo ya nje, mahali ambapo hata mtu kujigeuza ni shida. Kale hakakutengenezwa na kila mtu. Ulihitaji leseni ya BBC.

Nilipofika kwenye miaka hiyo kumi nilisimama. Babu yangu mzaa baba alikuwa fundi redio, Morogoro. Alikufa sijazaliwa, kwa hiyo ninachokijua nimekipata kwa bibi. Alitengeneza National, Philips, na zile kaseti kubwa za miaka ya 80. Bibi alikaa naye dukani kila siku kuanzia wadogo walipoanza shule. Alijua kubandika koni iliyochanika kwa karatasi laini na gundi kidogo, maana ukiweka nyingi spika inakuwa nzito na inakoroma. Alijua redio ya nani imekaa miezi sita bila kulipiwa. Daftari la madeni lilikuwa kwa mwandiko wake. Kibao cha nje, lakini, kilikuwa na jina moja tu, la babu.

Babu alipofariki, ndugu zake walikuja kuzika. Baada ya matanga walikaa kikao. Mita ikaenda kwa huyu, pasi ya kuchomea risasi kwa yule, redio za wateja zikabebwa kama mali ya marehemu, na ufunguo wa duka akapewa mdogo wa marehemu ambaye hakuwahi kufungua redio hata kubadilisha betri. Duka lilidumu miezi minne. Bibi akaanza kukaanga vitumbua, na vitumbua hivyo ndivyo vilivyomsomesha baba, na kwa hesabu ndefu kidogo ndivyo vilivyonifikisha mimi chuo kikuu.

Ukiwahi kukaa mahakama ya mwanzo siku ya mashauri ya mirathi, kama ninavyotumwa mara kwa mara na mhariri, utajua hadithi ya bibi si ya ajabu. Sheria za kimila zilizoandikwa na serikali mwaka 1963 zilisema wazi kwamba mjane hana fungu katika urithi iwapo marehemu ameacha ndugu wa ukoo wake. Atatunzwa na watoto wake. Mwaka 2015 kamati ya Umoja wa Mataifa inayosimamia mkataba wa haki za wanawake iliiambia Tanzania kwamba mambo ya namna hiyo yanavunja mkataba ilioutia saini. Ndani ya ukumbi wa mahakama lakini, lugha ni fupi zaidi. Hakimu anamuuliza mama: una ushahidi gani kwamba biashara hii ilikuwa yenu wote wawili? Mama anasema, nilikuwa nashinda pale. Hakimu anaandika.

Kushinda pale hakuna risiti.

Nilimsimulia bibi habari za Dorothy. Bibi huniita mume wangu, kama bibi wote. Alisikiliza hadi mwisho, akauliza, "Mume wangu, huyo mzungu alimwandika mkewe akiwa hai?" Nikamwambia ndiyo, tangu siku ya kwanza. Akasema, "Ee. Basi ndugu zake wangeanzia wapi?"

Sitaki kupamba, Uingereza ya 1983 ilikuwa na sheria zake za mirathi, na Dorothy asingekuwa na haja ya jina kwenye boksi ili aachiwe kampuni. Ninachosema ni kwamba jina lile linaonyesha mambo yalivyokuwa kabla ya msiba. Lilitangaza mbele ya wateja, benki na wauza mbao kwamba hapa kuna watu wawili. Siku mmoja alipoondoka, hakuna aliyeshangaa kumkuta wa pili bado yupo ofisini.

Hadithi haikuishia kwa raha mustarehe. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 familia iliiuza Spendor kwa Soundtracs, kampuni ya Kiingereza iliyotengeneza zile meza za kuchanganyia sauti. Mwaka 2001 ikaenda kwa Philip Swift, mmoja wa waanzilishi wa Audiolab. Spendor ikaendelea kutengeneza spika zinazosifiwa, ila akina Hughes hawakuwamo tena. Jina la wazazi wa Derek likawa mali ya watu wengine, kihalali kabisa, kwa karatasi zenye mihuri.

Kuna wanaoona hapo ndipo kampuni ya familia inapokufa. Mimi nilikuwa tayari kukubaliana nao hadi nilipomfuata Derek alikoelekea.

Ile LS3/5A niliyoitaja ilitegemea vipuri vya kampuni ya KEF, na KEF waliacha kuvitengeneza. Bila vipuri, spika imekwisha. Kampuni ndogo iitwayo Stirling Broadcast ikataka kuifufua kwa vipuri vya watengenezaji wengine. Kazi hiyo ni ngumu kuliko inavyosikika: ukibadilisha koni na twita, ile saketi inayogawa sauti kati yao lazima isanifiwe upya, na bado mlio ufanane na wa zamani. Walimpa Derek Hughes. Toleo hilo likatoka mwaka 2005. Baadaye, katika miaka ya 2010, Stirling wakataka kuirudisha LS3/6, ile iliyotokana na spika ya baba yake. Wakampa tena Derek. Na kampuni nyingine, Graham Audio ya huko Devon, ilipotaka kufufua spika za studio za BBC kama LS5/9, ilimtafuta nani? Huyohuyo.

Fikiria kazi ile ya LS3/6. Mtu mzima anakaa na boksi ambalo baba yake alilifikiria zaidi ya miaka 40 nyuma. Plastiki zimebadilika, twita zimebadilika, hita na mashine ya vumbi hazipo. Kinachobaki cha kupimia ni kilekile cha Kingswood Warren: weka sauti ya mtu unayemjua, kisha sikiliza kama ni yeye.

Jina liliuzwa, lakini ujuzi alitoka nao mlangoni. Hakuna mnunuzi anayeweza kuuandika kwenye orodha ya mali, kwa sababu alikuwa ameshafundishwa, miaka mingi, na wazazi wawili waliofanya kazi naye. Duka la babu yangu lilipoteza vyote kwa mpigo. Vifaa vilikwenda kwa ndugu, na ujuzi wa bibi wa kubandika koni haukumfikia mtu, kwa sababu baada ya pale hakuwa na koni wala muda. Baba yangu hajui kushika pasi ya risasi. Mimi ndiyo kabisa, sijui hata redio inaanzia wapi kufunguliwa. Fundi wawili kwenye ukoo, na ujuzi wote umeisha ndani ya kizazi kimoja.

Kwa hiyo safari hii ombi langu ni la vitendo. Kama una biashara na mwenzako anashinda pale na wewe, iandikisheni BRELA kwa majina yenu wawili. Saluni, karakana, duka la vipuri, hata banda la chipsi. Mambo ya jina yakiwashinda, unganisheni silabi kama Spencer na Dorothy. Litachekesha wiki ya kwanza, wiki ya pili wateja watalizoea. Na mtoto akitoka shule, mwite akae karibu aone gundi inawekwa kiasi gani.

Haya, tukutane tena wiki ijayo Mungu akipenda. Jirani ameshawasha sabufa.